Mbele ya Macho ya Chiriku

Milango yote ya jengo lile la sanaa ililia ikifunguliwa, isipokuwa mmoja tu, wa chumba cha mavazi. Ndiyo maana Mkunga hakusikia kitu. Alikuwa amesimama katikati ya magauni yaliyotundikwa, kipaji cha uso kimeegemea bega la Mwalimu wa Mawe, macho kayafumba. Mwalimu alikuwa akimnong'oneza jambo, naye akacheka kile kicheko chake kipya cha kooni, ambacho hata yeye mwenyewe alikuwa bado hajakizoea.

Alipofumbua macho alimwona binti yake mlangoni.

Chiriku alikuwa amekumbatia fulana nyeupe za wachezaji, zimempanda mpaka kidevuni. Hakupiga kelele. Binti huyu alipewa jina la ndege kwa sababu tangu ajue kusema hakujua kunyamaza, lakini sasa alikuwa kimya kama maji ya mtungini. Fulana moja ikadondoka, ikafuatwa na nyingine, na hakuna aliyeinama kuziokota.

"Mwanangu," alisema Mkunga.

"Watu wameshaanza kuingia ukumbini." Sauti ya Chiriku ilikuwa ya mtu anayepeleka habari za msiba kwa jirani. "Tunaitwa sote."

"Chiriku, subiri kwanza."

"Shikamoo, Mwalimu," akasema Chiriku, kwa adabu iliyokata kama wembe.

"Marahaba," aliitikia Mwalimu wa Mawe. Alikuwa mtu mrefu, mvi zimeanza kumkalia kando ya masikio, na wakati ule alisimama kama aliyekamatwa na mali ya wizi. Akamtazama Mkunga, akaona kwamba maneno yake hayatasaidia kitu. "Nitakuwa nje," akasema, akapita upande upande ili asimguse binti yule.

Wakabaki wawili.

Na kinaya chenyewe ni kwamba aliyemwingiza Mkunga katika mambo haya ni Chiriku huyu huyu. Chuo alikosoma Chiriku kilikuwa kimefungua ukumbi wake kila Jumamosi kwa watu wa mjini. Njooni, walisema, mcheze pamoja na wanafunzi wa densi, wa muziki, wa uchoraji, na walimu wa fani zozote watakaothubutu. Hakukuwa na hatua za kukariri. Kila mtu alileta mwili wake na kazi yake, na densi ilizaliwa pale pale. Fundi viatu alikuja, wauguzi walikuja, muuza vitambaa alikuja na shoga zake. Mkunga alikataa katakata. "Mimi na densi wapi na wapi?" Chiriku akamng'ang'ania: "Mama, tangu baba afariki unatoka wodini unaingia jikoni, unatoka jikoni unaingia kitandani. Njoo uangalie tu."

Akaja kuangalia tu. Kisebusebu na kiroho papo. Alikaa ukutani na mkoba mapajani, mpaka yule mwalimu wa mambo ya miamba na matetemeko, aliyecheza kama kabati linaloteremshwa ngazi, alipomjia na kumwomba amsaidie. Alimwonyesha kwa viganja viwili jinsi tabaka za ardhi zinavyosukumana kimya kimya, miaka na miaka, kisha ghafla zikateleza. Mkunga, bila kufikiri, akamwonyesha naye jinsi anavyokipokea kichwa cha mtoto: huvuti, husukumi, unangoja. Hawakusema neno. Siku ile alirudi nyumbani akaunguza chakula cha jioni.

"Tangu lini?" aliuliza Chiriku.

"Tangu mwanzo wa mvua."

"Mwanzo wa mvua! Na mimi kila jioni nakuuliza, mama, mazoezi yamekwendaje, unanijibu, 'Viungo vinauma.' Viungo, mama!"

"Nilikuwa nataka kukuambia."

"Lini? Siku ya harusi?"

"Hakuna aliyetaja harusi."

"Basi ni nini? Kama si harusi, kinachofanyika humu kati ya magauni ni nini?"

Mkunga alitafuta jibu. Wodini hakukosa la kusema hata siku moja, hata pale mambo yalipoharibika.

"Baba yako ana miaka ardhini," alisema hatimaye. "Nimemlilia na kumwombea. Sijamvunjia heshima hata siku moja, na nikijua kuwa wewe unadhani..."

"Si suala la baba!" Chiriku alizitupa zile fulana zote juu ya meza. "Ingekuwa kwa ajili ya baba ingekuwa rahisi. Ningekasirika, ningelia, ingekwisha. Ni kile kicheko."

"Kicheko gani?"

"Hicho ulichokuwa unacheka sasa hivi. Nimekaa na wewe maisha yangu yote ndani ya nyumba moja, sijawahi kukisikia. Hukucheka hivyo na baba. Hukucheka hivyo na mimi. Nilidhani huna, mama! Nilidhani Mungu alikunyima, kama anavyowanyima wengine sauti ya kuimba. Kumbe unacho. Ulikuwa umekiweka wapi? Ulikuwa unamwekea nani?"

Mkunga alikaa juu ya sanduku la mavazi. Alikuwa amejiandaa kwa lawama za kila aina, usiku kucha alizipanga na majibu yake, lakini hii haikuwamo.

"Sikukiweka," alisema polepole. "Mimi na baba yako tuliheshimiana. Tulikulea. Lakini kucheka hivyo... sikujua kama ninacho, mwanangu. Wallahi sikujua."

Ulikuwa ukweli mtupu. Lakini aliona kwenye macho ya binti yake kwamba haukuingia.

"Baba mdogo yuko ukumbini," alisema Chiriku.

"Nani kamwita?"

"Mimi. Nilimwita aje anione nikicheza. Lakini watu wameshamtia maneno. Kanishika mkono pale mlangoni, kaniuliza, 'Yupi huyo Mwalimu wa Mawe?' Nikamcheka. Nikamwambia, baba mdogo, mama yangu? Acha utani." Midomo ilianza kumcheza. "Nimekutetea, mama. Nimeapa kwa jina lako, halafu nimefungua mlango huu."

"Nisamehe."

"Sitaki. Sikiliza. Ukimshika yule mtu leo mbele ya watu, mbele ya baba mdogo, kesho asubuhi nahamisha vitu vyangu."

"Uende wapi?"

"Popote pasipo na vicheko vya kuibia."

Akazikusanya zile fulana, hata zile zilizodondoka, akatoka. Mlango ule ulikuwa hauna sauti, akataka kuubamiza ukamkatalia.

*

Mwalimu wa Mawe alikuwa akimngoja mwisho wa ujia, karibu na ndoo ya mafagio. Miguu ilikuwa peku tayari, suruali kaikunja mpaka juu ya vifundo. Kutoka ukumbini ilisikika ngoma ikijaribiwa, na viti vikiburutwa.

"Amesema nini?"

"Amesema nichague."

"Na umechagua?"

Mkunga alikuwa akimfikiria shemeji yake, mdogo wa marehemu. Mtu yule alikuwa ameacha duka lake la vipuri asubuhi ngapi ili ampeleke Mkunga hospitalini kukaa na mumewe mgonjwa. Paa lilipovuja baada ya mazishi, alipanda mwenyewe na nyundo. Mwenye ubaya unamkatalia ukalala usingizi. Mwenye fadhila ndiye mgumu kumkatalia.

"Mwalimu," alisema, "tukiingia ndani usinishike. Usije upande wangu kabisa. Leo tu."

"Leo tu."

"Shemeji yangu yuko mle."

"Na juzi sokoni ilikuwa leo tu, kwa sababu ya muuguzi mwenzako. Na kule kituoni leo tu, kwa sababu ya majirani. Nikakuachia mkono kama mtu aliyeshika kaa la moto." Hakupandisha sauti. Afadhali angeipandisha. "Mimi nina mvi, Mkunga. Mke wangu aliniacha mchana kweupe, na aibu yake niliibeba mchana kweupe, nikafundisha darasani siku ile ile. Siwezi kupenda kwa kificho kama mvulana anayeruka ukuta wa bweni."

"Hujui uzito nilioubeba."

"Sijui, kwa sababu huniruhusu hata nishike upande mmoja. Si wewe unayewaambia wanawake wakiwa na uchungu, mficha uchi hazai? Ulinisimulia mwenyewe. Ulisema wanacheka huku wanalia."

"Usinichape kwa fimbo yangu."

"Sikuchapi." Alimtazama kwa muda, macho yale ya mtu aliyezoea kutazama kitu kisichosogea na kukisubiri. "Neno lako nimelisikia. Sitakushika. Lakini nisipokushika leo, sitakushika tena. Usidhani ni hasira. Nitakuwa tu nimepata jibu."

Akatangulia. Mkunga alivua viatu vyake taratibu, kimoja, kingine, kama mtu anayevua kitu kilichomshika kwenye kidonda.

*

Ukumbi ulikuwa umejaa hadi madirishani. Watu walikaa kwenye viti vilivyopangwa kwa duara, na katikati sakafu ya mbao ilibaki tupu, iking'aa. Wanafunzi wa uchoraji walikuwa wametundika kitambaa kirefu ukutani, makaa ya kuchorea mikononi, tayari kuchora chochote watakachokiona. Mpiga ngoma alikaa kwenye kona yake na mpiga filimbi ubavuni.

Mwalimu wa densi, mama mfupi mwenye sauti ya kamanda, alisimama mbele.

"Karibuni. Hakuna mtu humu anayejua kitakachotokea, hata mimi. Kanuni ni moja: chochote kitakachoingia ndani ya duara ni sehemu ya densi. Mtu akijikwaa, tutacheza kujikwaa. Mtoto akilia, filimbi itamjibu. Tuanze."

Mkunga aliingia macho chini. Lakini alimwona shemeji yake bila kumtazama, kama unavyojua jua liko wapi: mstari wa mbele, kofia magotini, viatu vyeusi vimepigwa rangi hadi vinaakisi taa.

Walianza. Fundi viatu alipiga goti akaanza kushona hewa. Wauguzi wawili wakaubeba mwili wa mwanafunzi mmoja kama mgonjwa, wakamzungusha. Chiriku aliruka katikati, mwepesi, mkali, kila mruko wake ni kofi. Na Mkunga alicheza pembeni, mikono haitoki mbali na kifua. Mwalimu wa Mawe akisogea kulia, yeye aliteleza kushoto. Akigeuka, yeye aligeuka kwingine. Hawakugusana, hawakutazamana, na kadiri walivyokimbiana ndivyo ilivyoonekana. Kulikuwa na shimo kwenye ile densi, na kila mtu alilizunguka asitumbukie. Mpiga ngoma akalisikia. Mapigo yakapungua, yakapungua, hadi likabaki pigo moja moja kama la moyo wa mtu mgonjwa.

Hapo Mwalimu wa Mawe alisimama. Alishusha mikono. Alitazama sakafu mbele yake kidogo, kisha akaanza kutembea, si kucheza, kutembea tu, kuelekea mlangoni.

Hakuna mwingine aliyeelewa. Wachoraji waliendelea kuchora mgongo wake. Lakini Mkunga aliuona mgongo ule ukienda, na akajua kama anavyojua wodini, kabla ya mashine na kabla ya daktari, kwamba uhai unatoka chumbani na ukishatoka hautarudi kwa kuitwa.

Hakuchagua. Baadaye watu walimuuliza aliamua vipi, akashindwa kuwaeleza. Miguu ndiyo iliyokwenda. Alikata duara lote, akapita mbele ya binti yake, akauweka mkono wake wazi katikati ya mabega ya mtu yule.

Mwalimu alisimama. Aligeuka polepole sana, kana kwamba akigeuka haraka mkono ule utatoweka. Alikuwa na macho mekundu.

"Usipotaka..." alinong'ona.

"Nyamaza," alisema Mkunga, akaushika mkono wake.

Kiti kikaburutwa.

Shemeji alikuwa amesimama. Akavaa kofia yake, akaingia duarani na viatu vyake vyeusi. Ko, ko, ko, juu ya mbao. Mpiga ngoma, aliyeambiwa kwamba chochote kinachoingia ni densi, akazifuata zile hatua: ko, ko, ko. Shemeji akaharakisha, na ngoma ikaharakisha. Akasimama ghafla, na ngoma nayo ikasimama. Watu wakapiga makofi. "Huyo mzee anajua!" alipaza sauti mmoja wa shoga za muuza vitambaa.

"Nani kawaambia nacheza?" alifoka shemeji, akizungukazunguka. Filimbi ikamwigiza kidogo, kisha mpiga filimbi akamwona uso, akaishusha.

"Shemeji," alisema. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na Mkunga aliona kwamba si hasira peke yake, kulikuwa na kuumia ndani yake. "Toka hapo twende nyumbani."

"Siendi, shemeji."

"Nimekwambia twende. Yasemwayo nimeyakataa barabara nzima. Nimegombana na watu kwa ajili yako."

"Najua." Mkunga alihisi vidole vya Mwalimu vikilegea, tayari kumwachia aende akitaka. Akavikaza. "Nilipokuwa siwezi hata kusimama, wewe ndiwe uliyenishika. Hukulalamika hata siku moja. Sijasahau, na sitasahau mpaka naingia kaburini. Na jambo hili ulipaswa kulisikia kwa mdomo wangu, si kwa midomo ya watu. Hapo nimekukosea, nisamehe."

"Basi..."

"Sijamaliza. Huyu ndiye mtu ninayempenda. Kwa hilo siombi msamaha."

Kuna mtu nyuma aliyevuta pumzi kwa sauti. Shemeji alitikisa kichwa, akanyoosha kidole, na kidole kile hakikumwelekea Mkunga wala Mwalimu. Kilimwelekea Chiriku, aliyekuwa amesimama peke yake katikati ya sakafu, jasho linamtiririka.

"Mbele ya mtoto wa marehemu! Damu ya ndugu yangu! Hebu muulize mwanao, basi. Muulize hapa hapa kama amekubali. Sema, mwanangu. Mwambie mama yako."

Macho yote yakamgeukia. Mkunga alimtazama binti yake, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na neno lolote la kumwomba. Aliushika mkono alioushika, akangoja.

Chiriku alikuja. Hakumtazama mama yake. Alifika mbele ya baba yake mdogo, akapiga goti, na watu wakadhani anamwomba. Kumbe alikuwa anafungua kamba za viatu.

"We mtoto, unafanya nini?"

"Nakuvua viatu, baba mdogo. Sakafu hii ni ya mbao. Inakwaruzika."

"Nimekuuliza jambo!"

"Nimesikia." Alivuta kiatu kimoja. Mzee hakuweza kumsukuma, ikabidi amshike bega asianguke. "Nimekasirika na mama. Nimekasirika sana, na nitamwambia mwenyewe yote, tena sijaanza. Lakini hasira zangu ni zangu. Usizitumie."

Kiatu cha pili kikatoka. Soksi ya kushoto ilikuwa imetoboka kwenye kidole gumba, na kidole kile, kikubwa, kilichungulia ukumbi mzima. Hakuna aliyethubutu kucheka. Mwalimu wa densi alijiziba mdomo.

Chiriku alisimama, viatu mkononi, akamshika mzee wake kiwiko kumrudisha kitini. Alipopita mbele ya mama yake alipunguza mwendo.

"Mimi na wewe bado, mama."

"Najua."

"Usidhani kwa sababu nimefanya hivi..."

"Sidhani kitu, mwanangu."

Chiriku aliutazama ule mkono uliokuwa ndani ya mkono mwingine. Akautazama muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi ya lugha aliyoambiwa haipo. Kisha akamwongoza baba yake mdogo hadi kwenye kiti, akamkalisha, naye akakaa sakafuni karibu na miguu ile yenye soksi, ameegemea goti lake kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo.

Hakuna aliyesogea. Mpiga ngoma alimtazama mwalimu wa densi, naye akamtazama Mkunga, na Mkunga hakujua la kufanya. Hakujua usiku utakuwaje nyumbani, wala kesho sokoni watasema nini, wala kama binti yake atamsamehe kabla hajazeeka. Mkono wa Mwalimu ulikuwa umelowa jasho kama wa kijana.

Shemeji aliivua kofia yake, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Alikohoa.

"Haya, pigeni basi!" alifoka. "Mnangoja nini? Mnangoja mimi nicheze?"

Ngoma ikalia. Na Chiriku, uso umefichwa kwenye goti la mzee wake, mabega yakaanza kumtikisika, na Mkunga, hata alipokaza macho, hakuweza kujua kama mwanawe analia au anacheka.